Katika Kuusifu Usubi wa Nyanza

Washairi wa pwani wameisifu asumini na waridi, wamemsifu mke mwema na chombo chepesi, wakaisifu hata tambuu, na mimi sikusudii kuwapokonya kazi yao. Lakini tangu nilipoifunga mashua yangu katika ghuba la Winam, si mbali na bandari ya Kisumu, nikaifanya kuwa nyumba yangu kwa majira ya kipupwe, nimeona kwamba yuko kiumbe mmoja ambaye hakupata kutungiwa hata ubeti mmoja wa heshima, ingawa amewatembelea wanadamu wengi zaidi, na kwa ukaribu zaidi, kuliko waridi zote za Uarabuni. Kiumbe huyo ni usubi wa ziwa.

Asidhani msomaji kwamba nimezua bidaa. Lucian wa Samosata, aliyeishi katika karne ya pili, aliandika waraka mzima wa kumtukuza nzi. Na Erasmus wa Rotterdam aliusifu Upumbavu katika kitabu kilichopigwa chapa mwaka 1511, kikasomwa na wenye akili kwa furaha kubwa. Na kabla ya Erasmus, katika karne ya tatu ya Hijra, al-Jahiz wa Basra alikwisha kusimulia ndani ya Kitabu cha Wanyama habari za kadhi mmoja wa mji ule, mtu wa haiba na utulivu usio kifani, aliyekaa barazani pake bila ya kutikisa kiungo hata akadhaniwa kuwa ni jengo, mpaka nzi alipomtua puani, akamhamia pembe ya jicho, akang'ang'ania hapo. Kadhi akapepesa kope, nzi asiondoke, na mwisho wake yule bwana mkubwa akalazimika kuunyanyua mkono mbele ya kadamnasi na kukiri udhaifu wake. Nzi mmoja tu! Laiti baraza lile lingaliwekwa hapa Dunga, ufuoni mwa Kisumu, jioni ya mwezi mchanga, upepo ukivuma kutoka ziwani, kadhi angalijiwa na umati usiohesabika, kila mmoja na dai lake, wala asingalijua aanze kumsikiliza nani.

Imenipasa kwanza kueleza jinsi mtu anavyoweza kuishi ndani ya chombo cha tanga mahali kama hapa. Wazungu wenye mashua za kukaa, theluji inapowakaribia, huzielekeza kusini, wakazifunga katika bandari za visiwa vya Canary au za Uturuki, na humo hushinda miezi ya baridi wakiunda, wakipaka rangi, na kunung'unika juu ya ukungu unaoota ndani ya makabati yao. Hakuna hata mmoja wao awezaye kufika Kisumu kwa tanga. Nyanza, yaani Ziwa Victoria, imekaa juu ya usawa wa bahari kiasi cha mita 1,134, na mto pekee utokao humo, yaani Nili, huteremka kwa maporomoko ambayo hakuna nahodha mwenye akili timamu atakayeyapanda. Meli kubwa za mwanzo za hapa zilikuja vipande vipande: meli William Mackinnon iliundwa Paisley, huko Scotland, ikafunguliwa, ikaletwa Mombasa, ikachukuliwa bara kwa taabu isiyosemeka, ikaunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1900, hali reli yenyewe haikufika Port Florence, ambayo ndiyo Kisumu ya leo, ila katika Desemba ya mwaka uliofuata. Mashua yangu ilipanda lori, ikafika na mikwaruzo, basi. Sina haja ya kuirefusha habari hiyo.

Wakati kusi inapochafua bahari ya kwetu na vyombo vikapandishwa pwani, mtu wa pwani hapa hukuta starehe ambazo hakuzizoea. Maji ni matamu, hayapwi wala hayajai, na mdudu yule wa bahari atoboaye mbao hakuumbiwa kuishi humo. Pepo zake hazimngojeshi mtu nusu mwaka kama kaskazi na kusi, kwa kuwa alfajiri huvuma kutoka barani, na baada ya adhuhuri hugeuka zikavuma kutoka ziwani, hata mvuvi mwenye tanga moja huenda kwa upepo na kurudi kwa upepo, siku ile ile. Raha kama hii ingaliweza kumlevya binadamu, akajiona kuwa amekwisha kuingia peponi kabla ya hesabu yake, kama Mola kwa hekima zake asingaliuleta usubi.

Huja aghalabu karibu na mwezi mwandamo. Hapo zamani sana, yaani majuma mengi kabla ya siku hiyo, ulikuwa ni kijidudu kirefu chembamba kilicholala ndani ya tope, kiangavu mwili mzima hata samaki hukipita asikione, na kina vifuko vya hewa vya kukipandisha na kukishusha. Mchana kimejificha chini, usiku kimepanda juu kuwinda viumbe vidogo zaidi yake. Kisha, kwa amri ambayo wataalamu wameikubali zaidi kuliko walivyoielewa, maelfu ya maelfu huvua ngozi kwa pamoja juu ya uso wa maji, wakaota mbawa, wakapaa. Kutoka sitahani huonekana kama nguzo za moshi zilizosimama juu ya ziwa, moja hapa, tatu kule, zikipinda kiuno kwa upepo, na mgeni huuliza ni meli gani hizo zinazopika. Huko kwetu wazee hushindana kila mwaka juu ya mwandamo, huyu kauona Lamu, yule hakuuona Tanga, na simu hazilali. Sisemi mtu afunge saumu kwa ushahidi wa usubi, lakini nasema kwamba katika mambo ya mwezi sijawahi kuuona ukigawanyika makundi mawili.

Ama fadhila zake kwa mtu akaaye chomboni, sijui nianzie wapi. Yako watu hulala mpaka jua likachoma, wakapoteza baraka za asubuhi. Mimi, usiku wa usubi ukipita, sina budi kuamka mapema nikafagia kuanzia omo mpaka tezi, maana maiti wamelala juu ya sitaha kwa mafungu, laini, wenye rangi ya majivu, na jua likiwakuta hapo hutoa harufu ya samaki aliyesahauliwa kapuni. Hutoka katika mikunjo ya tanga, hutoka ndani ya viatu, hutoka katika kitabu, kila ukurasa na wake. Hapo kabla nilikuwa mvivu wa kufunika birika. Siku hizi birika lina kifuniko, kikombe kina kisahani, na mchuzi una sahani juu yake na kitambaa juu ya sahani, hata mama yangu marehemu, ambaye alinikanya juu ya vyombo vilivyo wazi maisha yake yote bila ya mafanikio, angalishangaa kuona alivyoshindwa yeye na ukaweza usubi kwa usiku mmoja. Katika ufundi pia una mkono wake: nilipaka vanishi juu ya mlango wa chumba, kazi nzuri, inang'aa kama kioo, na ilipofika magharibi ukaja, ukaiona kwamba ni tupu mno, ukaitia nakshi. Nakshi hiyo ingalipo, wala msasa haukuiweza.

Tena umenifundisha kulala mapema. Usubi hupenda nuru, na mwenye kuwasha taa ndiye mwenyeji wake. Siku nyingine, usiku wa giza, mzigo huo hugawanywa kwa haki, kwani wavuvi wa omena, yaani dagaa wa ziwa hili, wako nje na karabai zao, na ghuba lote humetameta hata ukadhani mji umehamia majini. Lakini kila mwaka, tangu Aprili mpaka Julai, sheria ya Kenya huwazuia wavuvi hao ili samaki wapate kuzaa, taa zao hubaki nyumbani, na kipupwe hunikuta mimi nimewasha kandili peke yangu katika eneo ambalo jicho halioni mwisho wake. Nani basi atakayetembelewa? Usubi wote wa upande huu, kwa adabu yake ya kutomnyima mtu heshima, huona kuwa ni aibu kunipita. Nikaizima kandili, nikaingia ndani ya chandarua saa mbili ya usiku, nikayaokoa mafuta na macho, na habari za dunia nikaziacha zinisubiri mpaka asubuhi.

Mahasidi wanao mashtaka. Husema kwamba unaingia machoni, puani na masikioni; ni kweli, lakini unaingia kwa bahati mbaya, na hutoka, kama utatoka, bila ya kuchukua kitu. Hauumi. Ingawa ni wa ukoo mmoja na mbu, hauna mdomo wa kunyonya damu, hauleti homa, na katika siku zake chache za kuwa na mbawa hauna haja na chakula cha mtu yeyote, jambo ambalo sikuweza kulisema juu ya jamaa kadhaa waliopata kunitembelea mashuani wakiwa na nia ya kukaa usiku mmoja. Kuna shtaka moja tu ambalo sitalifanyia mzaha, nalo ni la wenye pumu, ambao vumbi la miili yake huwabana kifua; hao wana haki yao, na wakifunga madirisha mimi nitawasaidia kufunga.

Wengine, na hawa ndio wengi, husema kwamba usubi ni uchafu. Hapa nataka kusimama kidogo, maana hapa ndipo unapodhulumiwa. Ghuba la Winam lina maji haba, na mlango wake wa kutokea ziwa kubwa ni mwembamba. Mto Nyando huliletea udongo na mbolea za mashamba ya bara, na mto Kisat hupita katikati ya mji wa Kisumu ukipokea njiani kila kitu ambacho wenye mji hawakutaka kukiona tena. Vyote hivyo huzama, vikawa tope. Samaki wenye hadhi hulikimbia tope hilo kwa kukosa hewa, wataalamu huja na chupa wakachota kidogo wakaondoka, na wakubwa huja na hotuba. Usubi peke yake ndio uliokubali kukaa. Wako katika jamii yake wadudu ambao, wangali funzo, wana damu nyekundu kama yetu, iliyoumbwa kushika hewa ile ndogo iliyobaki chini, na huyala mabaki yetu kwa shukrani, wakanenepa, na usiku wa mwandamo ukifika hupanda kutoka kule tulikoyatupa, wakavuka ufuo, wakaturudishia. Amana hii hairudishwi kwa jumla, wala haipelekwi kwenye ofisi itakayoipoteza; kila mtu hupata fungu lake mkononi, juu ya ugali wake, ndani ya glasi yake ya maji, tajiri wa Milimani na mchuuzi wa samaki wa ufukweni kwa kipimo kimoja. Naomba nioneshwe mtumishi mwingine wa umma aliyeshika hesabu zake kwa uaminifu kama huo, tena bila ya mshahara, bila ya gari, na bila ya kuomba kura.

Na fungu ambalo halikutufikia sisi limewafikia wengine. Omena hulidaka juu ya maji. Mbayuwayu huja kwa makundi wakakata hewani huku na huko kama mikasi. Na buibui wa ufuoni hutandika nyavu zao juu ya vichaka hata kichaka kizima huonekana kimevaa kanzu. Wanadamu nao hawakuwa nyuma. David Livingstone, alipokuwa Ziwa Nyasa, alionjeshwa mkate wa wadudu wa namna hii, ambao wenyeji huuita kungu, akauandika bila ya kuutukana. Na mwaka 2010 Monica Ayieko na wenzake, wataalamu wa ukanda huu huu wa Nyanza, walitoa utafiti wao wa jinsi ya kuwatia kumbikumbi na usubi wa ziwa katika biskuti, keki ndogo na soseji, ili chakula kinachopaa bure juu ya vichwa vya watu kisiende kupotea.

Yuko mzee mmoja wa Dunga, fundi wa mitumbwi, ambaye huja kuniangalia kila baada ya siku kadhaa, kwa kuwa haamini kwamba mtu wa pwani ajua kufunga kamba. Mwezi ulipoandama mara ya kwanza nami nimo chomboni, akanikuta nimejifunika shuka kichwa kizima, nikipunga mikono kama mwenye kupandwa na pepo, akacheka mpaka akakaa chini. "Mzee," akaniambia, "hawa hawana meno. Wewe funga mdomo tu, watapita." Nikaufunga, wakapita, kwa muda wa siku nne. Siku ya tano akarudi na kitu kilichofungwa katika karatasi, cheusi, kimebanwa kama kipande cha mkate wa tende, akakikata kwa kisu cha kazi yake, akanipa nusu iliyo kubwa, kisha akanitazama usoni kwa hamu.

"Jaduong'," nikamwambia, nikimwita mzee kwa lugha yake, "juzi uliniamuru niufunge mdomo, na leo waniamuru niufumbue. Basi ngoja kwanza nitie chai."

Tukakila na chai ya maziwa, yenye tangawizi nyingi. Kina chumvi kidogo, na kina ladha ya samaki mkavu aliyekaa karibu na moshi. Na kipande cha pili, ambacho sikukiomba wala sikukikataa, kilikuwa na mchanga.