Mvi Zenu, Utaalamu Wangu

Naomba makofi yapungue ili nianze. Kama hayajaanza, basi yakianza yapungue.

Leo ni tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani, iliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1990. Kamati ya kata imeniomba nizungumzie namna ya kuchagua rangi ya nywele na mtindo wa kunyoa unaompendeza mtu mwenye umri wake, pamoja na suala nyeti la kuziacha mvi zitoke. Nimepewa dakika 20. Kumi na tano za mwanzo nitajitambulisha.

Kwanza niondoe utata. Nimekuja hapa kama mtaalamu, sikuja kama mzee. Nina umri wa miaka 58, na nimekuwa nao kwa muda mrefu, kwa hiyo naufahamu vizuri. Mtaani naitwa Profesa wa Nywele. Jina hilo nimelianza mimi, wengine watafuata. Chuo changu ni kiti cha kinyozi. Kila Jumamosi nipo pale, nanyolewa na kumfundisha anayeninyoa. Mwenyewe ameshakiri kwamba katika maisha yake hajapata kumwona mteja kama mimi.

Sasa tuingie kwenye sayansi, taratibu, ili tusiachane njiani.

Unywele mnaouona kichwani umekufa. Msishtuke. Kilicho hai ni shina lake chini ya ngozi, na huko ndiko zilizoko chembe zinazotengeneza melanini, ile rangi ya asili. Chembe hizo zikipungua, unywele huota bila rangi. Mvi ni hiyo tu. Si laana wala si deni la kikoba. Wazungu wengi huanza kuziona wakiwa na miaka thelathini na kitu, Waafrika wengi arobaini na kitu. Mimi hazijaanza. Nauliza, yule mama wa safu ya tatu anacheka nini? Hazijaanza.

Tena unywele hukua kwa wastani wa sentimita moja kila mwezi. Mkiielewa namba hiyo mtaelewa kwa nini, kuanzia tarehe 20 hadi mshahara wa kijana wangu unapotoka, mimi huwa sivui kofia. Wapo wanaodhani ni ucha Mungu, nami sijawakatalia.

Sasa historia. Rangi za kisasa za nywele zina baba yake, naye ni Mfaransa aitwaye Eugène Schueller, mkemia, aliyebuni rangi yake mwaka 1907. Mwaka 1909 akafungua kampuni, ile ambayo baadaye ilikuja kuwa L'Oréal. Je, mnajua jina la mwanzo la kampuni hiyo? Ilikuwa Kampuni ya Kifaransa ya Rangi za Nywele Zisizodhuru. Zisizodhuru! Mtu anaanza biashara, na neno la kwanza analoona limfae mteja ni kumhakikishia kwamba hatadhurika. Nami nikajiambia, rangi imeshahakikishwa tangu 1909, mimi nani niogope? Nikanunua piko ya paketi gengeni, isiyo na jina la kiwanda wala tarehe, nikajipaka.

Hapa wataalamu wa daraja la chini watawatisha. Watawaambia rangi nyingi nyeusi, piko ikiwemo, huwa na kemikali iitwayo parafenilinidiamini, inayoweza kuleta mzio mkali. Watawaambia mpake tone dogo kwanza nyuma ya sikio au kwenye kiwiko, mngoje saa 48 muone kama ngozi itawasha. Saa 48! Mimi nilikuwa na harusi siku inayofuata. Mtaalamu hajaribu, mtaalamu hupaka.

Asubuhi kipaji changu cha uso kilikuwa kimeongezeka. Wengine walisema nimevimba. Mimi nasema paji la msomi lilijitokeza. Macho nayo yaliamua kupumzika, yakafumba, na mama watoto akanishika mkono tukaenda kwenye kituo cha afya kufanya utafiti wa huduma. Sitakitaja.

Pale palikuwa na dirisha la wazee, na bango la kuwataka watu wawapishe. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60. Nikajipenyeza mbele, kwa ajili ya utafiti. Nesi akanitazama kichwani, akasema, “Baba, nywele nyeusi hizo, hapa dirisha la wazee. Foleni yako ile kule.” Mabibi na mabwana, hakuna shahada ya heshima inayofikia maneno yale. Ningekuwa na macho ningelia. Lakini foleni ile ilifika hadi getini, ikanibidi nitoe kitambulisho cha Taifa. Nesi akausoma mwaka wa kuzaliwa, akaniangalia, akausoma tena, kisha akasema kwa sauti iliyosikika hadi maabara, “Shikamoo, babu!”

Kitambulisho kile kina makosa ya uchapaji. Nimeshaandika barua.

Na kwa kuwa shikamoo imetajwa, niseme neno. Shikamoo ni kipimo kisicho na huruma. Unaweza ukapaka, ukanyoa, ukavaa jinzi ya mwanao, kisha anatokea mama mwenye watoto watatu, amebeba wa nne mgongoni, anapiga goti: “Shikamoo.” Nimechunguza kwa miaka mingi wananijuaje. Kinyozi wangu anadai ni shingo. Anadai pia ni weusi wenyewe: ngozi nayo hubadilika kadiri mtu anavyozeeka, hivyo weusi ule wa ujanani, ukirudishwa wote kwa mkupuo, hukaa kichwani kama kaniki iliyoanikwa, na kila mkunjo usoni huonekana maradufu. Ushauri wake ni kwamba anayetaka rangi achague ya kahawia iliyokolea, hatua moja au mbili chini ya weusi wake wa zamani, aziache mvi chache pembeni mwa masikio, na asizisahau nyusi. Namsikiliza kwa adabu, lakini ni kinyozi tu.

Swali? Ndiyo, mama wa safu ya tatu. Nyusi zangu zimefanya nini? Ni vumbi, mama. Barabara yetu bado haijawekwa lami, na Mheshimiwa Diwani yupo hapa, ataeleza.

Niendelee. Katika dini zetu jambo hili halikuachwa. Siku ya kufunguliwa Makka, mwaka wa 8 Hijria, aliletwa Abu Quhafa, baba yake Sayyidna Abubakar, kichwa na ndevu vikiwa vyeupe pepe. Mtume akaagiza weupe ule ubadilishwe. Mmesikia? Ubadilishwe! Hoja yangu imekamilika. Ustadhi, mbona unanyoosha mkono? Kuna kipande kimebaki? Sema. “Na waepuke rangi nyeusi.” Ahsante, Ustadhi. Muda nao unatubana.

Ndiyo, najua pwani yetu wazee wa Kiislamu hutumia hina, na ndevu zao huwa nyekundu. Hina ni jani, rangi yake hushikamana na unywele wenyewe, na mvi zikipakwa hina hutoa rangi ya chungwa au wekundu wa kutu, kutegemea umekaa nayo muda gani. Hina halisi mara chache humdhuru mtu, na hakuna anayedai amezaliwa nayo. Hapo ndipo ninapoipinga. Rangi isiyodanganya mtu ina faida gani?

Ulaya nako wamelitambua suala hili. Mwaka 2002, Gerhard Schröder, Kansela wa Ujerumani, alikwenda mahakamani Hamburg kupambana na shirika la habari kwa sababu ya nywele zake, na akashinda! Huyo ndiye shujaa wetu sote tunaopaka. Nani? Kijana wa kompyuta ananisahihisha kwamba Kansela alishinda kwa kusisitiza kuwa hapaki. Hata mimi sipaki, kijana. Ndiyo maana nasema tunafanana.

Ufaransa ndiyo usiseme. Mwaka 2016 iligundulika kwamba kinyozi wa Rais François Hollande analipwa na serikali euro 9,895 kila mwezi, kwa kichwa ambacho, tuseme ukweli, hakikuwa na kazi nyingi. Nikamsomea habari hiyo kinyozi wangu ili ajivunie fani yake. Akaniuliza lini nitamlipa shilingi 3,000 za Jumamosi tatu. Watu wetu hawana upeo wa kimataifa.

Tena vijana wa leo hawajui kwamba nchi hii imewahi kuzipigania nywele kitaifa. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia Januari 1969 marufuku sketi fupi, suruali za kubana, mawigi na krimu za kujichubua. Nakumbuka kama jana! Nilikuwa Kariakoo, nimesimama mbele ya dada mmoja mwenye wigi, nikimweleza kwa ukali kwamba nywele za kujibandika ni kuudanganya umma, na kwamba Mwafrika huru hutembea na kichwa alichopewa na Mungu. Yule dada alilia. Nilikuwa mkali sana kwa watu wanaoghushi vichwa.

Naona Mheshimiwa Diwani anahesabu vidole. Usijisumbue, Mheshimiwa. Nilikuwa mtoto mchanga, lakini mwenye msimamo.

Turudi kwenye mitindo, dakika zimebaki mbili. Mwezi uliopita nilimwagiza kinyozi aninyoe kiduku, pembeni kipara, katikati nywele zimesimama. Akazunguka kichwa changu mara mbili, akazima mashine, akasema, “Mzee, mbele huku malighafi hakuna.” Akapendekeza kupunguza kote kwa namba moja, ndevu kwa kimo hichohicho, mstari wa mbele ufuate nywele zilipo na usichorwe pale zilipokuwa zamani. Anadai mwenye nywele zilizopungua akinyoa chini, upara na mvi huonekana kama uamuzi wake mwenyewe. Tena ndiyo njia rahisi ya kuacha kupaka, kwa maana ukinyoa chini mara mbili au tatu rangi yote huondoka, na hakuna mstari wa aibu kati ya kinachoota na kilichopakwa. Nikamwambia kinyozi hajinyoi. Akanijibu, “Ndiyo, mzee, lakini ananyolewa na mwenzake, hajipaki piko gizani.” Sikuelewa anamaanisha nini.

Mke wangu alimsikiliza, na ndilo jambo linalonisikitisha. Miaka yote alisuka na kupaka, kisha siku moja akaenda saluni akazifumua zote, akakatwa nywele fupi kabisa, akaacha mvi zije. Kwa kuwa mvi huwa kavu na ngumu, huzipaka mafuta ya nazi kila asubuhi, akavaa hereni, basi, ametoka. Nilimwambia amejikatia tamaa. Tangu siku hiyo wanawake wa mtaani wanamsimamisha wamuulize amenyolewa wapi. Akiingia kwenye daladala, vijana wawili wananyanyuka kumpisha. Mimi huwa nimesimama nyuma yake, nimening'inia kwenye bomba hadi Mbagala, maana konda ananiona kijana. Alinialika nikae mapajani pake. Mbele za watu! Nikamwambia mficha uchi hazai, akaniuliza kwa nini nimsomee methali hiyo yeye na nisijisomee mwenyewe. Wanawake hawaelewi methali.

Na kuna mjukuu wangu... mtoto wa jirani, samahani, ananiita babu kwa heshima tu. Mtoto huyu alichora familia shuleni. Bibi akampaka chaki nyeupe kichwani, akatoa mtu mzuri kweli. Mimi akanichora na kofia. Akaulizwa mbona babu hana nywele, akasema anangoja niamue rangi. Mtoto ana kipaji, nitamsaidia.

Kwa hiyo, kwa muhtasari: msimsikilize kinyozi, msimsikilize mke, msisome karatasi iliyo ndani ya paketi, na mkivimba, mseme paji limejitokeza. Kwa anayetaka ushauri wa kina, natoza ada nafuu, malipo ni kabla ya kupaka, na ukishapaka sipokei simu.

Nimeona kikaratasi kutoka kwa mshereheshaji. Anasema muda umekwisha tangu nilipokuwa Kariakoo. Nashukuru. Kuna tangazo pia: wote waliotimiza miaka 60 wapite meza ya kulia, watie saini, wapewe nauli, kanga au kikoi, na sahani ya pilau, walio chini ya hapo wanatakiwa kuvipanga viti.

Ndugu mshereheshaji, subiri, usiifunge hiyo meza. Kitambulisho ninacho mfukoni. Ni kile chenye makosa ya uchapaji, lakini barua yangu bado haijajibiwa, na mimi ni raia mtii: mpaka serikali itakapotoa uamuzi, nalazimika kuuheshimu mwaka ulioandikwa. Naomba kikoi cha rangi nyeusi.