Fundo la Khanga ya Bibi

Wewe mwenzangu unayeishi na wazee utanielewa. Mama mkwe wangu, wajukuu wanamwita Bibi Fundo, maana mali yake yote hukaa kwenye pindo la khanga: hela, funguo, pini, udi, hata karatasi ya luku ya mwaka juzi. Tumbo lilipomsumbua wiki ya tatu, daktari akaagiza CT skani, ile ya kuchomwa dawa mshipani. Tukaambiwa asile kitu kwa muda wa saa nne kabla ya kipimo.

Mke wangu, ambaye hapa nyumbani tunamwita Spika, alitangaza agizo hilo usiku na alfajiri akarudia. Nikaomba ruhusa kazini. Tumefika, mtaalamu wa mionzi anauliza, "Bibi umekula?" Bibi akajibu hajala. Mwanangu wa miaka sita, Mkaguzi, akadakia: "Alikula vitumbua viwili na chai ya maziwa!"

"Hicho si chakula, mjukuu wangu. Nilifungua kinywa tu."

Tukapangiwa siku nyingine. Foleni yote ile, na nauli.

Jioni shemeji yangu Profesa akaja kutupa pole. Huyu hukosi kusomeshwa. Alianza na Godfrey Hounsfield, mhandisi wa EMI, kampuni iliyojulikana kwa santuri, ambaye mashine yake ilimpiga picha mgonjwa wa kwanza London mwaka 1971. Hapo ni kweli, na Hounsfield alipata Nobel mwaka 1979 pamoja na Allan Cormack. Kisha Profesa akasema anayevimba akila kamba asichomwe dawa hiyo, kwa kuwa ina iodini. Bibi huwashwa na kamba. Usiku huo hakulala, na Spika hakulala, basi na mimi nikakesha.

Siku ya pili mtaalamu alitutuliza: mzio wa kamba hautokani na iodini. Anachotaka kujua ni kama mgonjwa aliwahi kudhurika na dawa yenyewe ya picha, kama ana pumu, na mwanamke wa umri wa kuzaa, kama huenda ni mjamzito. Akauliza dawa anazotumia. Bibi akasema hana. Alipoambiwa avue kila chenye chuma, kwa sababu huharibu picha, Spika akafungua fundo ili atoe pini. Vikaanguka vidonge vya metfomini.

Mama yetu ana kisukari, na watoto wake hawajui! Spika alilia palepale. Bibi akasema hakutaka kutubebesha mzigo.

Basi mwenzangu, hilo ndilo linaloniuma. Dawa ile ya picha hutolewa mwilini na figo, ndiyo maana Bibi alishapimwa damu, kreatinini. Figo zikiwa nzima, kwa kawaida metfomini inaendelea. Zikiwa dhaifu sana, daktari huisimamisha kwa siku mbili hivi. Uamuzi ni wake, lakini ataamuaje juu ya kidonge kilichofungwa kwenye khanga? Kwa bahati njema, figo za Bibi zilikuwa salama.

Kipimo chenyewe ni dakika chache. Unalala chali, kitanda kinapita ndani ya pete kubwa, sauti inakuamuru uzuie pumzi, nawe unatulia. Dawa ikiingia, joto husambaa mwili mzima na mdomoni unahisi ladha ya chuma. Wengine huhisi kana kwamba wamejikojolea. Hilo nililijua, lakini mkwe utamwambiaje mama mkwe? Niliona haya nikanyamaza, na Bibi akatoka amejikunyata, akimnong'oneza Spika amletee khanga nyingine. Alikuwa mkavu kabisa. Nilipaswa kumtuma mke wangu amwambie mapema, na bado najuta kwa zile dakika za aibu alizozipata mzee wangu.

Tulirudi nyumbani, Mkaguzi akipewa kazi ya kumhesabia bibi yake glasi za maji, tuliyoambiwa anywe kwa wingi. Baada ya magharibi Bibi alikaa mkekani, akafungua mafundo yote mwenyewe, Spika akiandika jina la kila dawa kwenye karatasi. Ya presha ikatokea pia. Mwisho kikatoka kipakiti cha unga wa kijani, hakina jina.

"Hiki, mama?"

"Kanipa jirani. Cha tumbo."

Spika alikiweka kando ya karatasi. Kesho kinakwenda kwa daktari.