Goti la Kijiji

Ukitaka kujua Kinjumbi ina matabibu wangapi, chechemea. Basi. Mimi nilichechemea nikitoka kupura ufuta, na tangu hapo goti langu la kulia si langu tena, ni la kijiji. Watu wanaliulizia hali kabla hawajaniulizia mimi. "Shikamoo mzee. Goti linasemaje?"

Linasema niachwe nipite.

Hukumu ya baraza la kahawa ilitoka mapema: ute umekwisha. Nani aliuona ukipungua, hakuna ajuaye, lakini kwa kuwa umekwisha, sharti urudishwe, na chenye kuteleza hurudishwa kwa chenye kuteleza. Ndiyo maana nyumbani kwangu imeliwa bamia mpaka paka kahamia kwa jirani. Siku isiyo na bamia kuna supu ya makongoro. Nilijaribu kumweleza shemeji yangu kwamba bamia ikishaingia tumboni inasagwa kama ugali na mchicha, haina uchochoro wa kuteremkia gotini. Akanitazama kwa huruma, akaongeza upawa wa pili. "Shemeji, we kula."

Daktari alinieleza vingine. Kuvimba kwenyewe si adui. Ukijikata na panga, damu hukimbilia pale, pakawa moto, pakavimba, pakauma. Huo ni ulinzi, na bila huo tungekuwa tumekwisha zamani. Ubaya ni pale ulinzi unapokataa kwenda zake. Sungusungu wamekuja kumkamata mwizi, mwizi kaondoka, wao bado wamejaa uani wanachinja kuku wako. Gotini kwangu kuku ni gegedu, lile tandiko laini linalozuia mfupa usisuguane na mfupa. Likishalika halioti upya kwa bamia.

Na sisi watu wa kusini tusijifanye wageni wa maumivu ya viungo. Chikungunya ilitambuliwa mara ya kwanza katika mlipuko wa 1952 kwenye uwanda wa juu wa Makonde, wataalamu wakaiandika 1955, na hadi leo dunia nzima inaiita kwa jina la Kimakonde. Homa yake huondoka baada ya siku chache, lakini viungo vinaweza kuuma miezi, kwa wengine miaka. Ni zao pekee la kusini nilijualo lililokwenda nje bila kupitia stakabadhi ghalani.

Binti yangu wa Dar es Salaam yeye ni mtu wa manjano. Anayatuma kwa basi, na maagizo yanafuata kwa simu: kijiko kimoja kwenye maziwa ya moto, baba, na pilipili manga usisahau. Hapo kwenye pilipili manga namvulia kofia, maana kurkumini, kiini cha manjano kinachosifiwa kwa kutuliza uvimbe, mwili hukipokea kwa shida sana, na pilipili manga hukisaidia kupenya. Tatizo ni kipimo. Katika unga wa manjano kurkumini ni kama asilimia 3 tu, na majaribio yaliyoonyesha nafuu kwa wagonjwa wa magoti yalitumia kiini kilichokamuliwa, si kijiko cha jikoni. Hivyo manjano yangu ya asubuhi mpaka sasa yamefanya kazi kubwa zaidi kwenye kanzu kuliko kwenye goti. Kanzu imepokea vizuri mno.

Pilipili kichaa nayo ina hoja. Ukali wake hutiwa kwenye dawa za kuchua zinazouzwa madukani, na ukipakwa mara kwa mara huichosha mishipa inayopeleka habari za maumivu. Bibi mmoja hapa mtaani akaona dukani pa nini, akachanganya yake kwa mafuta ya ufuta, akanichua barabara. Nilianza kulia. Kwa wema wake akanipangusa machozi kwa mkono uleule.

Goti lilisahaulika kabisa jioni ile, hilo nakiri.

Halafu kuna bwana wa spika anayekuja siku ya gulio na unga wake wa mizizi, "asili tupu, haina kemikali," unaotibu goti, kiuno, presha na ndoa. Wanaoununua wanasema maumivu hukatika kabla hawajafika nyumbani. Hapo ndipo ninaposhtuka. Katika nchi mbalimbali, unga wa namna hiyo ukipelekwa maabara umewahi kukutwa na diklofenaki au steroidi iliyosagwa ndani, na mtu mwenye vidonda vya tumbo au figo dhaifu anailamba akidhani ni mzizi. Tuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lipo kwa sheria ya 2002, na waganga na dawa zao husajiliwa huko. Nilimuuliza namba ya usajili. Akaongeza sauti ya spika.

Sasa tiba niliyopewa hospitali, na ambayo ni ya asili kuliko mizizi yote ya Matumbi, ni kutembea. Kutembea, kuinuka na kuketi kitini bila kushika kitu ili paja lipate nguvu, na kupunguza tumbo: kilo moja ikipungua, goti hupunguziwa mzigo wa kama kilo 4 kwa kila hatua. (Makongoro yanasaidia upande wa pili wa hesabu hii.)

Lakini Kinjumbi mtu mzima hatembei bure. Ukitembea unakwenda shamba, dukani au msibani. Jioni ya kwanza nimetoka mikono mitupu, nikaenda hadi kwenye mkorosho mkubwa, nikageuka. Kijana wa bodaboda akasimama: "Mzee umepoteza nini?" Nikamwambia nafanya mazoezi. Hakunielewa. Kesho yake nilipopita tena walikuwa wameshaamua kwamba nimepoteza mbuzi na naona aibu kusema. Watoto wakaingia porini kumtafuta. Mama mmoja alimwona asubuhi, dume jeusi, akielekea barabara ya lami.

Goti, kusema kweli, linaanza kukunjika bila kelele. Ila jana kaja mkusanya ushuru na kitabu chake. Anataka kujua mbuzi huyo nilimnunua kwa nani, na risiti iko wapi.