Hata Kanga Ina Jina: Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

YAH: OMBI LA KUWATEMBELEA WASANII WA JIJI LETU NA KUYAANDIKA MAJINA YAO

Naomba radhi kwa kukuandikia mbele za watu jambo ambalo pengine lilistahili kuletwa ofisini kwako ndani ya bahasha. Najua mezani pako kuna mafuriko ya Jangwani, foleni za asubuhi, taka na maji. Nisingethubutu kukuongezea karatasi nyingine kama ombi langu lingekuwa na gharama kubwa. Halina.

Mimi ni mkazi wa Sinza. Kwa miezi kadhaa sasa Jumamosi zangu nimezitumia kuwatembelea wachoraji na wachongaji wa jiji hili, mahali wanapofanyia kazi. Nilianzia Oysterbay, pale Morogoro Stores, kwa sababu ndipo palipoanzia mengi. Mwishoni mwa miaka ya 1960, kijana mmoja kutoka Tunduru, aliyekuja Pwani kutafuta kazi kama walivyokuja baba zetu wengi, alianza kuchora wanyama na ndege kwenye vipande vya mbao za dari. Rangi zake zilikuwa zile zile za mafuta zinazopakwa milango na baiskeli. Picha aliziuza hapo hapo, nje ya duka, kwa wapita njia. Jina lake Edward Saidi Tingatinga. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu, akafa akiwa na miaka ipatayo 40. Alikuwa amechora kwa muda wa miaka minne hivi. Ndugu na vijana aliowafundisha hawakuiacha kazi, na tangu 1990 wana ushirika wao uliosajiliwa, hapo hapo Oysterbay.

Mheshimiwa, leo ukimuuliza kijana wa mjini tingatinga ni nini, atakuonyesha mtambo wa kusawazisha barabara, au atakuonyesha picha ya tembo mwenye rangi kali. Ni wachache watakaokujibu kwamba ni jina la mtu. Na hilo ndilo jina pekee la mchoraji lililobaki midomoni mwetu. Wanaochora leo, wengine kwa miaka zaidi ya ishirini, wote tunawaita "wale wa tingatinga".

Kutoka hapo nilikwenda Mwenge, kwenye kijiji cha wachongaji, na huko ndiko nilikokaa sana. Nilimkuta mzee mmoja ameketi chini, amenyoosha miguu, gogo la mpingo amelibana kwa nyayo, anachonga kwa tezo. Naomba uniruhusu nikueleze nilichokiona. Mpingo kwa nje si mweusi. Una ganda la rangi ya manjano hafifu, na weusi uko moyoni. Mchongaji huanza kwa kuondoa ganda hilo taratibu mpaka aukute moyo, kisha hutazama moyo umepindia wapi, una ufa wapi, ndipo aamue watu wake wasimame vipi. Mti huo huchukua miaka 70 na zaidi kufikia umri wa kuvunwa. Pigo moja la kukosea, na subira yote hiyo ya msitu imepotea. Mzee alikuwa anachonga ujamaa, ule mnara wa watu waliobebana, watoto juu ya wazazi, wazazi juu ya mababu. Nilihesabu vichwa 14 na alikuwa hajafika nusu.

Nilimwonyesha kinyago kilichokuwa rafuni, hatua kama kumi kutoka tulipokaa, nikamuuliza kimechongwa na nani. Hakuinuka. Alikitazama tu, akanitajia mtu na kijiji alikotoka. Akasema, huo ni mkono wake, angalia masikio. Nikamwonyesha kingine, naye akataja mkono mwingine. Basi nikauliza mbona hawaandiki majina chini ya kazi zao, kwa kuwa nilipindua vinyago vingi na sikuona jina. Akanijibu kwa upole kwamba wanunuzi wa jumla hawapendi. Jina likiwepo, mteja wa mwisho anaweza kumtafuta mchongaji mwenyewe.

Jibu hilo limenikaa moyoni, Mheshimiwa, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Wenyewe kwa wenyewe wanajuana kwa mkono, kama tunavyowajua ndugu zetu kwa mwendo hata gizani. Sisi wenye jiji ndio tusiowajua.

Sikukosa kufika kituo cha sanaa cha Nafasi, kule Mikocheni, ambako tangu 2008 wasanii wamekuwa wakifanya kazi ndani ya makontena yaliyogeuzwa kuwa karakana. Huko vijana wanaandika majina yao, wanapanga maonyesho, wanabishana kuhusu kazi za wenzao bila kugombana. Nilifurahi mno, ila sina la kuomba huko zaidi ya kwamba uwaone. Nilikwenda pia mjini kusimama pale ilipokuwa Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa 1972 kwa juhudi za mtawa Jean Pruitt, na sasa haipo tena. Katika nyumba hiyo George Lilanga aliingia kama mlinzi wa usiku. Aliondoka akiwa msanii ambaye kazi zake hutafutwa na wakusanyaji wa Ulaya na Marekani. Alifariki mwaka 2005 hapa hapa Dar es Salaam. Nimewauliza majirani zangu watano wa Sinza, watu wazima wenye elimu yao, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulisikia jina lake. Siwalaumu. Wangelisoma wapi?

Naomba sasa nikusimulie jambo moja dogo. Mwaka jana nilikuwa nikisubiri huduma katika ofisi moja ya umma, ambayo sitaitaja kwa kuwa zipo nyingi kama hiyo. Ukutani, juu ya kiti cha wageni, palikuwa na picha nzuri ya chui na ndege. Nilisogea nitafute jina la mchoraji. Fremu ilikuwa imelifunika, ikabaki herufi mbili tu. Pembeni ya fremu palikuwa na namba ya mali ya ofisi, imeandikwa kwa rangi nyeupe, kama ilivyoandikwa kwenye kiti, kabati na feni. Nilimuuliza binti wa mapokezi kwa heshima, hii picha ni ya nani? Akanijibu kwa heshima vile vile: ni ya ofisi.

Alikuwa sahihi, Mheshimiwa. Picha ilikuwa na mmiliki, ina namba, ina daftari ilimoandikwa. Iliyokosekana ni habari ya mtu aliyeitengeneza. Nasi ni watu ambao tukila pilau tamu shughulini hatuondoki bila kuuliza mpishi ni nani. Hata kanga ina jina, na mama zetu huisoma kwanza ndipo wainunue.

Nchi yetu ilikwisha kuonyesha kwamba inawajua wasanii wake. Balozi wa kwanza wa Tanganyika huru jijini London alikuwa mchoraji, Sam Ntiro, mtoto wa Machame, ambaye mchoro wake umetunzwa katika jumba la sanaa ya kisasa la New York. Waliomteua hawakuona kwamba brashi inampunguzia mtu heshima. Na mwaka 2024 Tanzania ilipata banda lake kwa mara ya kwanza katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, Italia. Walioonyesha kazi walikuwa Haji Chilonga, Happy Robert, Lute Mwakisopile na Naby. Majina yao yalitangazwa huko kwa wageni kutoka pande zote za dunia. Nayataja hapa kwa makusudi, ili yasomwe pia Manzese na Mbagala.

Zaidi ya heshima, lipo suala la haki. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mbunifu haki ya kutambuliwa kuwa kazi ni yake, hata baada ya kuiuza. Kwa hiyo sikuombi hisani kwa niaba yao. Nakuomba, kwa unyenyekevu mkubwa, uanze wewe, maana ukianza wewe wilaya zitafuata, na wilaya zikifuata mahoteli na mabenki yataona aibu kubaki nyuma.

Ninachoomba ni hiki. Kila mchoro na kila kinyago kilichopo katika ofisi za umma za mkoa wako kiwekewe kibao cha ukubwa wa kiganja, chenye jina la aliyekitengeneza, mwaka kilipotengenezwa, na mahali. Kibao hicho hakifiki bei ya fremu. Wageni wa mkoa wanapokabidhiwa kinyago au picha kama zawadi, ndani ya kifurushi iwekwe kadi yenye jina hilo hilo, na likitamkwa kwenye kipaza sauti itakuwa vyema zaidi. Pale ambapo msanii hajulikani tena, naomba wachongaji na wachoraji wakongwe waitwe waje kutazama. Nimeona kwa macho yangu wanavyotambua mkono. Wazee hao wanapungua, na wakiondoka hakuna daftari litakaloweza kutuambia.

Wale niliozungumza nao nimeyaandika majina yao katika daftari langu. Sikuyaweka hapa kwa sababu hawakuniruhusu kuyatangaza, na kwa kweli natamani uyasikie kutoka vinywani mwao. Ukijaliwa kupata asubuhi moja, Mheshimiwa, nakusihi uje Mwenge siku ya kazi, kabla jua halijapanda, na gari moja tu, bila wapiga picha. Watakupa kigoda ukae. Uliza kile kinyago kimechongwa na nani. Kisha umuulize anayekujibu, na wewe mzee wangu, jina lako nani?

Naomba kuwasilisha.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Sinza, Dar es Salaam