Muulize Babu Paa: Tundu Liko Wapi?

Safu ya ushauri kwa wote wanaolowa wakiwa ndani

"Babu Paa, shikamoo. Bati langu linavuja juu ya kitanda. Kila masika fundi anapanda, anapaka lami juu ya kitanda pale pale, analipwa, anashuka. Mvua ikirudi, maji nayo yanarudi. Nifanyeje?" – Mlowa Godoro, Tanga.

Marahaba, mjukuu wangu. Una bahati. Ungeweza kumwandikia mtu anayejua kidogo kidogo kuhusu mengi. Umeniandikia mimi, ninayejua yote kuhusu jambo moja, na mengine nayakisia kwa usahihi wa kutisha. Mvua zenyewe zinanijua. Zile za El Niño za 1997, zilizong'oa madaraja Afrika Mashariki, zilipofika kwangu zilipiga hodi kwanza. Waulize majirani. Wengi hawapendi kulizungumzia, kwa wivu.

Tuanze na godoro: usilihamishe. Mwenye kuhamisha godoro ameshasalimu amri. Panga chini yake na kando yake beseni, ndoo na sufuria, kubwa kwa dogo, kisha sikiliza. Nilipompangia shemeji yangu vyombo vyake usiku mmoja wa masika, mpita njia alisimama dirishani akiuliza kikundi hiki cha taarabu kinakodishwa kwa bei gani. Nilimtajia bei. Hakurudi, lakini heshima ilibaki.

Kama umepanga, ipo dawa ya haraka zaidi. Mwalike mwenye nyumba usiku wa mvua, mkalishe upande unaolowa, umpe chai ya tangawizi ya moto mno, asiweze kuimaliza upesi. Mabati mengi mjini humu yamebadilishwa kwa dawa hii, na sijawahi kudai hata senti.

Sasa elimu. Hapa ndipo washauri wengine huaga. Mwingereza Henry Robinson Palmer, mhandisi wa bandari ya London, alipata hataza ya bati la migongo mwaka 1829. Aling'amua kwamba chuma chembamba kilichonyooka hulegea, lakini kikikunjwa migongo na mabonde hujibeba chenyewe. Mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel akapata hataza ya kukivika chuma zinki kisiliwe na kutu. Vijana wazuri wote wawili. Kosa lao ni kuharakisha kuzaliwa, wakakosa ushauri wangu.

Maji hupita bondeni, kwa hiyo msumari hupigwa mgongoni. Hata mbuzi analijua hili: mafuriko yakija, hukimbilia mlimani. Lakini wapo mafundi wanaopiga bondeni, kwa kuwa hapo bati limelalia ubao na nyundo haipati tabu. Tena kila msumari una raba chini ya kofia yake. Jua huikausha raba hiyo hadi ikapasuka, na bati, kwa kutanuka mchana na kusinyaa usiku, huutikisa msumari mpaka ukalegea. Mjukuu wangu, adui yako ni kiangazi. Masika huja tu kusoma hukumu. Sentensi hiyo ni yangu. Ukiitumia mahali, nitaje.

Turudi kwa fundi wako, mpaka lami. Maji yakishaingia hayaanguki papo hapo. Hutambaa chini ya bati, yakafuata mteremko, yakashika ubao, ndipo yakadondoka mahali yanapopapenda. Panapolowa ni mwisho wa safari, nawe unatafuta mwanzo, ambao mara nyingi uko juu zaidi, upande wa kofia ya paa. Basi pima kutoka kuta mbili hadi kwenye doa, hesabu hizo zihamishie juu ya bati, kisha tafuta ukipanda. Kagua kwanza palipotobolewa: mguu wa dishi la televisheni, vishikizo vya sola, na pale bati linapokutana na ukuta.

Jua likiwa la utosi, ingia darini gizani. Penye nuru pana tundu; penyeza njiti ya chelewa ili aliye juu aione. Usipoona nuru, mtu apande na mpira wa maji, alowanishe kuanzia chini akipanda taratibu, nawe uwe ndani ukipiga kelele. Akianzia juu, maji yatateremka kila mahali na hamtajua lolote. Akanyage penye mistari ya misumari, maana ndipo penye mbao, na siku hiyo bati liwe kavu kabla hajaanza. Mimi hukanyaga ninapotaka, lakini mimi ni mimi.

Msumari uliolegea ung'olewe, iwekwe skrubu nene yenye raba mpya. Palipoliwa na kutu pasuguliwe, pakauke, pawekwe kiraka. Lami tupu juani hupasuka. Ndiyo maana fundi wako ana kazi ya kudumu. Na kama bati zima limekwisha, duka lisikucheze: namba ya geji ikiwa kubwa, bati ni jembamba. Geji 32 ni nyepesi kuliko 28. Mabati ya kando yapandane mgongo mmoja na nusu au miwili, na la juu lililalie la chini si chini ya sentimita 15. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Habari za paa hawakuzigusa, walijua naja.

Nilitaka sasa kueleza jinsi nilivyo... Mhariri anasema nafasi imekwisha. Haya. Mlowa Godoro: tafuta, kausha, ziba, mwagia maji tena uhakikishe.

Wewe wa Lushoto ambaye bati lako linadondosha alfajiri bila mvua: hilo ni jasho. Hewa ya ndani yenye unyevu imekutana na bati la baridi. Acha upepo upite chini ya paa.

Na mama aliyeuliza kuhusu tabia mpya za mumewe, asome jibu la kwanza. Hatua ni zile zile, ila mpira wa maji auache.