Vigelegele Havina Ngazi ya Mshahara

Uhusiano wa umma, yaani kazi ya kulinda sura ya taasisi mbele ya watu, una usawa wa kupendeza katika maandishi: Tanzania iliridhia mwaka 2002 Mkataba Na. 100 wa Shirika la Kazi Duniani, unaodai ujira sawa kwa kazi yenye thamani sawa, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ikalirudia dai hilo, huku ngazi za mishahara serikalini zikiwa hazitaji jinsia ya afisa habari. Hata hivyo, mgeni mkubwa anapozuru kata kama Mungaa, wilayani Ikungi, sura ya serikali hulindwa zaidi na kina mama wanaocheza ngoma juani, wanaopika na wanaopigia vigelegele kila ahadi ya barabara (hata ile iliyokwisha kushangiliwa ziara iliyopita), ilhali kamera na posho, yaani malipo ya kujikimu safarini, huja na msafara na kuondoka nao. Jasho hilo huandikwa katika taarifa ya ziara kuwa mapokezi mazuri ya wananchi, fungu lisilodai hati ya malipo, na kanga zikishagawiwa hesabu huwa imefungwa, zikabaki sufuria za kusugua.