Mipira Myeusi Isiyo na Majina

Katika kazi ya kufufua injini za zamani, hakuna aibu inayochoma kama ya gari lililonguruma vizuri gerejini kisha likazimika mbele ya halaiki kwa kosa la mpira mmoja mwembamba kuliko kidole. Mpira huo ni wa vakyumu, yaani hupitisha mvuto wa hewa, na kazi yake yastahili maelezo marefu kwa sababu inastaajabisha. Pistoni inaposhuka huvuta hewa kupitia kabureta, na kibati cha mviringo kilichomo kooni mwa kabureta kinapofunga njia, chini yake huzuka mvuto ambao, kwa injini nzima iliyo kando ya Ziwa Ontario, husomwa kati ya inchi 17 na 21 za zebaki. Nairobi, iliyo juu zaidi ya mita 1,700, geji ileile husoma pungufu kwa inchi tano hivi, hata fundi aliyehama kutoka huko huweza kudhani kwamba Kanada huponya injini.

Waundaji waliutwisha mvuto huu kila kazi: kuusaidia mguu kwenye breki, kuwahisha cheche, kunyonya mvuke wa petroli, na kufungua vali inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini ili kupunguza joto la mwako. Fitina imo kwenye matundu, kwani lililo juu kidogo ya kibati halina mvuto mpaka dereva akanyage mafuta, ilhali lililo chini yake huwa nao hata gari likiwa limesimama, na yote mawili yana pua zinazofanana kama mapacha.

Corolla moja ya 1985 yenye injini ya 4A-C ilifungwa mpira wa vali hiyo ya moshi kwenye tundu la chini, kama mchoro ulivyoonyesha. Matokeo yake, vali ilifunguka kila gari liliposimama, moshi ukachukua nafasi ya hewa safi, na injini ikakata roho kwenye kila taa nyekundu ya Queen Street, juu ya reli, huku tramu ya 501, ambayo kwa maumbile yake haiwezi kumpita mtu, ikisubiri nyuma pamoja na abiria wake wote. Mama mmoja mwenye kitenge alichungulia dirishani akauliza, "Mwanangu, gari lina pumu?" Adabu haikumwachia dereva jibu jingine ila, "Shikamoo, mama."

Baadaye mpira wa distributa, ule unaowahisha cheche, ulichomoka, na hapakuwa na jina la kuonyesha ulikotoka. Vibandiko vya majina vilivyobandikwa kwenye mipira vilikuwa vimeyeyuka kwenye dawa ya kusafishia grisi.

Hata hivyo mchoro wenyewe haukukosewa. Ulikuwa wa nchi nyingine. Hadi 1987 Kanada ilikuwa na masharti ya moshi mepesi kuliko ya Marekani, hivyo magari yaliyouzwa huku mara nyingi yalifungwa vali na mipira tofauti, ilhali vitabu vingi vya ufundi vilichorwa kwa kuwafikiria wanunuzi wa kusini. Kibandiko cha chini ya boneti, ambacho ndicho kilichosema kweli, kilikwisha kubabuka kwa joto. Ontario huyaenzi magari kama hili, kwani hutoa namba za gari la kihistoria kwa gari lenye umri wa miaka 30 au zaidi ambalo halikubadilishwa sana, lakini aliyeulizwa kwenye kaunta ya vipuri kuhusu mchoro wa Kanada alipendekeza gari jipya.